Tuzo Iliyosahau Ng'ombe

Njuguna alipiga simu akiwa amejibanza nyuma ya stoo yake ya viazi, kama mwizi katika shamba lake mwenyewe.

"Madam, kuna watu ya kamera hapa kwangu," alinong'ona. "Wanataka nisimame pale stoo ya zamani ilichomewa. Huyu msichana anasema kama naweza kulia kidogo, picha itatoka vizuri."

"Nani amewatuma?"

"Si ni wewe? Wanasema wamekuja kwa sababu yako."

Akoth hakumaliza chai yake. Alitoka katika kile chumba cha mabati nyuma ya mahakama, ambacho serikali inakiita ofisi ya probesheni, akapanda bodaboda ya kwanza aliyoiona na kumwamuru mwendeshaji akate njia ya mkato. Mvua ikishanyesha Kuresoi, njia ya mkato huwa ndiyo ndefu. Mara kwa mara walishuka wakaisukuma ile pikipiki, Akoth viatu mkononi, akiyatukana yale matope kwa Kijaluo.

"Madam, matope ya huku haisikii hiyo lugha," mwenye bodaboda alimwambia.

"Basi yatukane wewe kwa Kikalenjin, tufike!"

Ndivyo alivyokuwa. Ulimi wake ulikuwa mkali na hakuwahi kuuombea radhi. Alizaliwa Nakuru, kwenye nyumba za reli, baba yake akiwa fundi wa mabehewa. Alikuwa na kaka aliyefungwa akiwa kijana kwa kuiba vyuma, na alipotoka jela akakuta majirani wamemwekea uso wa mawe. Hakuna mtu aliyekuwa amewauliza wale majirani wanamwogopa kwa nini, au wanataka nini ili amani irudi. Kaka alikaa nyumbani siku chache, kisha akaondoka, na mpaka leo familia haijui alikoishia. Akoth hakuwa akiisimulia habari hiyo. Aliifanya kuwa kazi. Afisa wa probesheni ndiye anayeiambia mahakama kama mtu aliyekosa anaweza kurudi kwao badala ya kupelekwa jela, kisha anamsimamia hukohuko kwao mpaka muda wake uishe. Wengine huifanya kazi hiyo kwa simu. Akoth aliifanya kwa miguu. Kwanza alikwenda kwa yule aliyeumizwa, na huko hakukubali kukaribishwa sebuleni. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akavuta kigoda, akaomba kisu, akaanza kumenya viazi pamoja na wenyeji. Alikuwa amegundua kwamba mtu mwenye kisu mkononi na kiazi mbele yake husahau kupanga maneno.

Alipofika kwa Njuguna siku hiyo, alikuta gari jeupe limeegeshwa juu ya miche ya kabeji, na kijana mmoja ameweka kamera mbele ya stoo. Msichana aliyevaa beji shingoni alimkimbilia akitabasamu.

"Madam Akoth! Sasa tumeharibu surprise! Hongera sana, umeshinda!"

"Nimeshinda nini?"

"Tuzo ya Uongozi Bora, ya wafanyakazi wa mahakama na probesheni, eneo zima. Tunatengeneza filamu fupi kuhusu ile kesi yako ya moto. Baada ya hapa tunaenda kwa yule kijana aliyechoma. Tunataka washikane mikono."

Njuguna alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, akimtazama Akoth tu. Mzee yule hakuwa akimtazama kama mtu aliyeshinda kitu.

"Fungeni hicho kitu," Akoth alisema.

"Madam, ni dakika mbili tu..."

"Nimesema fungeni! Na mtoe gari juu ya kabeji ya watu. Mmeingia boma la mtu mkamwambia alie? Mamako akichomewa nyumba, utamwambia alie vizuri?"

Walifunga. Msichana machozi yalimlengalenga, na Akoth akajionea haya kidogo kwa sababu mtoto wa watu alikuwa ametumwa. Lakini hakurudi nyuma. Gari lilipoondoka, Njuguna alivaa kofia yake.

"Madam, ile maneno tulikubaliana," alisema polepole.

"Tulikubaliana, mzee. Haitasemwa."

Ili mtu aelewe kwa nini mzee mwenye mvi anajificha nyuma ya stoo yake, lazima ajue kilichotokea pale miaka miwili iliyopita.

Njuguna alipakana na mjane mmoja aitwaye Chepkurui. Chepkurui alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa karo, unga na heshima ya nyumba. Asubuhi moja ng'ombe alivunja ua akaingia katika viazi vya Njuguna, akala mpaka akashiba. Njuguna alimkamata, akamfungia zizini ili mwenyewe aje wazungumze habari ya hasara. Hapo hapakuwa na kosa, kila mkulima angefanya hivyo. Lakini siku hiyohiyo aliitwa kwenye mazishi ya shemeji yake huko Dundori, akaenda, na zizi akaliacha limefungwa kwa kufuli. Ng'ombe aliyekula viazi vibichi kwa wingi hufura tumbo. Chepkurui alisimama nje ya lile zizi akimsikia ng'ombe wake akikoroma, akapiga kelele, akapiga simu ambayo haikushikwa. Njuguna aliporudi kutoka mazishini, ng'ombe alikuwa amelala miguu juu.

Kiptanui, mwanawe Chepkurui, hakungoja mazungumzo. Alibeba mafuta ya taa akaiteketeza stoo ya Njuguna pamoja na mbegu yote ya msimu.

Huo ulikuwa ugomvi wa majirani wawili, kila mmoja na kidonda chake. Lakini mmoja alikuwa Mkalenjin na mwingine Mkikuyu, na hapo palikuwa Kuresoi, ambako makabila hayo yaliwahi kuchomeana nyumba. Majivu hayajapoa, mtu fulani aliyeketi mjini, ambaye hajui hata lile boma liko upande gani wa mlima, aliandika mtandaoni: "Wameanza tena." Huku juu maneno hayo mawili yanatosha. Watu walifunga magodoro, tayari kuhama. Wanawake waliwatuma watoto kwa jamaa, Mai Mahiu na kwingineko. Vijana wa pande zote mbili walianza kukaa njia panda bila kazi yoyote ya kuwaweka pale. Na wale wakubwa wanaopenda kuzungumzia amani kwenye hoteli hawakuonekana hata mmoja.

Aliyeonekana alikuwa Akoth. Alikwenda jikoni kwa Njuguna, kisha jikoni kwa Chepkurui, akarudi, akaenda tena, akamenya viazi mpaka vidole vikapasuka. Alifukuzwa mara kadhaa. Mke wa Njuguna alimwambia, "Wewe Mjaluo, maneno ya huku unaitaka ya nini?" Akamjibu, "Ndiyo maana naifaa, mama. Sina shamba huku."

Mwisho walipatana. Hakimu alikubali kumwachilia Kiptanui chini ya uangalizi wa Akoth, kwa sharti kwamba aijenge upya stoo kwa mikono yake. Njuguna naye, bila kuamriwa na hakimu yeyote, alimpelekea Chepkurui mtamba mwenye afya, ili siku akizaa, nyumba ipate maziwa tena. Na siku ya kupatana, mzee Kipkirui, aliyeheshimiwa na pande zote, alisimama kwenye mpaka wa mashamba yale akasema maneno ambayo kila mtu aliyashika.

"Moto na ng'ombe tumezika shimo moja. Hakuna kupeleka hii maneno kanisani, wala baraza, wala redio. Mtu akifukua mmoja peke yake, ametuletea vita. Na ikifukuliwa, kila mtu achukue chake. Mtamba arudi kwa mwenyewe, na kijana arudi kwa hakimu. Madam, wewe ndiye shahidi."

"Mimi ni shahidi," Akoth alijibu.

Ndiyo hiyo kesi waliyoitaka kwenye filamu.

Aliporudi ofisini alimkuta Kibii, afisa kijana aliyekuwa akifanya kazi chini yake, amesimama mlangoni akimeremeta kama bwana harusi.

"Madam, umesikia? Ni mimi nilikutaja! Walipiga simu kuuliza nani anafaa, nikawaambia hakuna mwingine. Nikawapa hiyo story yote, vile ulivyotembea, vile..."

"Ukawapa na majina?"

Tabasamu lilimtoka Kibii. Alikuwa kijana mwema, ametoka chuoni na imani kwamba ubaya wote duniani ni kwa sababu mazuri hayatangazwi. Kazi yenyewe ilikuwa imemfundisha kutaja majina. Kila ripoti wanayomwandikia hakimu lazima iwe na jina la mtu, la mamake, la jirani yake, la kijiji. Kuacha jina ni kazi mbovu. Basi alipoulizwa habari na wakubwa wake, aliwasimulia kama anavyomsimulia hakimu.

"Nilifikiri wanakaa nayo wao tu," alisema.

Akoth alifungua kinywa amrarue, kisha akakifunga, akachukua simu. Akampigia Bwana Thuo, mkuu wao wa Nakuru.

"Akoth! Shujaa wetu!" Thuo alinguruma. "Umewafukuza vijana wangu, lakini nimekusamehe. Unajua wageni watakaokuja? Kuna wafadhili, kuna majaji. Redio mbili zitarusha moja kwa moja, moja ya kila lugha ya huko kwenu."

"Bwana Thuo, hiyo habari itoe. Kuna makubaliano kule. Ikitajwa, watu watarudi walikokuwa."

"Lakini bila hiyo, nitasema umefanya nini?"

"Sema nimefanya kazi. Au mpe mwingine."

"Sawa, sawa. Tutasema kwa ujumla tu. Hakuna majina. Umenisikia? Neno langu."

Hapa ukweli lazima usemwe, kwa sababu Akoth mwenyewe aliusema baadaye bila kujitetea. Alimwamini Thuo kwa kuwa alitaka kumwamini. Zaidi ya nusu ya umri wake ulikuwa umeishia kwenye njia zile za matope, na hakuna mkubwa aliyewahi kumpa hata asante. Alikuwa amewaona waliopandishwa cheo kwa kubeba mikoba ya wakubwa. Jumamosi alishuka Nakuru kwa fundi wake wa nguo, akapimwa gauni la bluu lenye shingo ya duara, na fundi alipomuuliza ni la harusi ya nani, alicheka kama msichana. "Yangu," alijibu.

Sherehe ilifanyiwa kwenye bustani ya hoteli moja mjini. Hema jeupe, viti vilivyovishwa vitambaa kama maharusi, chupa za maji mbele ya kila mheshimiwa. Makarani wanaobeba mafaili mgongoni kwa kukosa gari walikuwa wamepangwa nyuma kabisa, kwenye jua. Askari wa kortini aliyewahi kumzuia mshtakiwa asijiue kwenye seli alikuwa getini akiongoza magari. Mbele walikaa wale ambao hawajapanda mlima tangu wapewe ofisi zenye zulia, nao ndio waliohutubia. Mmoja alisema uongozi ni maono. Mwingine alisema uongozi ni ubunifu. Mwingine, aliyefika wakati watu wameshachoka kumngoja, alipewa tuzo ya kuzingatia muda, na watu wakapiga makofi. Mtu mwenye damu mwilini angeweza kupasuka.

Kisha mshereheshaji akaita jina la Akoth. Alipanda jukwaani na gauni lake la bluu, akapewa kitu cha kioo chenye umbo la moto wa mshumaa. Kibii alikuwa amesimama juu ya kiti nyuma, akipiga mluzi.

"Sasa msikie huyu mama alifanya nini!" mshereheshaji alisema, na nyuma yake, kwenye kitambaa kikubwa, ikatokea picha ya stoo ya Njuguna. Ilikuwa imepigwa kutoka barabarani, kupitia ua. Vijana wa kamera walikuwa wamerudi. "Huko Kuresoi, kijana mmoja kwa jina Kiptanui, akiongozwa na chuki ya kikabila ya muda mrefu, aliichoma stoo ya jirani yake, Mzee Njuguna, mkulima asiye na hatia! Ni Madam Akoth aliyemchukua yule mchomaji, akambadilisha..."

Akoth hakusikia mengine. Aliiona ile mikrofoni yenye sifongo nyekundu na ile yenye sifongo ya kijani, kando kando juu ya meza, na akajua kwamba maneno yale yalikuwa tayari yameshapanda mlima. Saa hiyo Chepkurui huwa anakamua ng'ombe wa jirani huku redio ya simu ya mwanawe ikiimba. Saa hiyo Njuguna huwa amekaa mlangoni na redio yake ndogo. Njia panda vijana huwa wamejaa.

Moto ulikuwa umefukuliwa peke yake. Chuki ya muda mrefu! Ng'ombe hakutajwa. Bila ng'ombe, Kiptanui alikuwa mchomaji tu, na mamake alikuwa mamake mchomaji, na kila mtu wa upande ule alikuwa ametukanwa pamoja nao. Akoth akinyamaza, uongo ule ungekaa. Akisema, atakuwa amelivunja agano kwa kinywa chake mwenyewe, yeye shahidi, na atakuwa amemvua nguo Njuguna mbele ya nchi.

Mshereheshaji alimpa mikrofoni. "Neno moja tu, Madam. La shukrani."

"Kuna ng'ombe mmemsahau," Akoth alisema.

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha wa watu wa mashambani.

"Msicheke. Mmetaja moto. Huo moto ulikuwa na mamake, na mamake alikuwa ng'ombe wa mjane aitwaye Chepkurui. Mzee Njuguna alimfungia ng'ombe huyo kwa kufuli, ng'ombe amejaa viazi vibichi, akaenda mazishini. Ng'ombe akafura, akafa huku mwenye ng'ombe akimsikia. Ndipo kijana akachoma. Kijana alikosa, na mzee alikosa, na wote wawili wakalipa wenyewe bila kusukumwa na yeyote aliyekaa hapa mbele. Hakukuwa na chuki ya kabila. Hiyo mmeiweka nyinyi, mnone kwayo!"

"Muziki," mtu alisema. "DJ, muziki!"

"Niliapa sitataja habari hii," Akoth aliendelea, sasa akipiga kelele. "Nimeitaja. Bwana Thuo, ulinipa neno lako. Umekaa hapo na tai yako na chupa ya maji, na kuna watu usiowajua ambao leo wanafunga magodoro kwa sababu ulitaka kupigiwa makofi!"

Muziki ulimfunika. Alishuka, akapita katikati ya vile viti vilivyovishwa vitambaa, na kile kioo alikuwa bado amekishika bila kujua. Kibii alimfuata akikimbia.

"Madam, ni mimi. Ni mimi nimefanya hii maneno."

"Funga mdomo, tembea."

Asubuhi iliyofuata walipanda mlima pamoja. Njia panda vijana walikuwa wachache, na waliwatazama bila kuwasalimia. Kwenye mpaka wa mashamba ya Njuguna na Chepkurui waliwakuta wazee wamekaa kwenye nyasi, Njuguna upande mmoja, Chepkurui na Kiptanui upande wa pili. Katikati, kwenye nguzo ya ua, mtamba alikuwa amefungwa, tumbo kubwa, karibu kuzaa.

Jambo lilikuwa limekwenda hivi. Redio ilipotaja moto, Chepkurui alimfungua mtamba papo hapo, akaanza kumpeleka kwa Njuguna ili asije akaambiwa anakula mali ya watu na huku wanamtukana mwanawe. Kiptanui alikuwa anajaza nguo kwenye gunia, atoroke. Njiani, sauti ya Akoth ikatoka katika simu ya mwanawe aliyoibeba, ikimtaja ng'ombe. Chepkurui akasimama. Njuguna naye alikuwa ameshatoka langoni kwake, uso umemwiva kwa hasira. Walikutana mpakani. Chepkurui akasema, "Chukua ng'ombe yako." Njuguna akasema, "Si yangu." Hakuna aliyekubali kumshika kamba. Mtamba akafungwa kwenye nguzo, akalala pale.

"Umekuja," mzee Kipkirui alimwambia Akoth.

"Nimekuja."

Njuguna hakumngoja akae. "Umenitangaza dunia nzima mimi ni muuaji wa ng'ombe! Hata watu wa Dundori wamenipigia simu wakicheka. Ati mazishi ilikuwa tamu namna gani mpaka nikasahau ufunguo!"

"Ni kweli, nimekutangaza."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna."

"Kama hungesema ng'ombe," Chepkurui alisema, "huyu kijana yangu angekuwa ametoroka saa hii, na hao wengine wa njia panda sijui wangekuwa wapi." Alimtazama mtamba. "Lakini ulisema. Ulikula kiapo hapa tukikuona, na ukasema."

"Na aliyeanza ni nani?" Kipkirui aliuliza. "Hao wa Nakuru walijuaje majina ya watu wetu?"

Kibii alivuta pumzi. Akoth alimkanyaga mguu kwa uzito wake wote.

"Ni ofisi," alisema. "Na ofisi hapa ni mimi."

Wazee walizungumza kwa muda mrefu, kwa sauti za chini, wakichanganya lugha. Hatimaye Njuguna ndiye aliyeinuka. Alikwenda akamfungua mtamba, akamtazama Kiptanui, na hasira yake haikuwa imepungua hata kidogo.

"Wewe umetajwa, mimi nimetajwa. Aibu imetutosha sawasawa. Nikimchukua huyu, hao watu wa redio watakuwa wameshinda. Shika kamba, kijana. Na hapo unapochunga, ukimwacha aingie viazi yangu tena, nitakufungia wewe."

"Na ufunguo uache na jirani, mzee," Kiptanui alijibu.

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine, na hata Njuguna mdomo ulimcheza kabla hajaukaza. Kiptanui alishika kamba.

Akoth alitaka kushukuru, lakini Kipkirui aliinua mkono.

"Wewe bado. Ulikuwa shahidi yetu. Shahidi akisema, hatuwezi kumweka tena. Hata kama alisema kwa uzuri. Kijana bado ana muda wa kusimamiwa, hiyo tunajua. Tutumie mtu mwingine. Tutumie huyu." Alimwonyesha Kibii kwa fimbo. "Tumemwona tangu afike. Amenyamaza. Huyo ni mtu wa kuweka maneno."

Uso wa Kibii ulibadilika rangi. Akoth aliinamisha kichwa.

"Nimesikia, wazee."

Walishuka mpaka barabara kubwa. Hapo simu ya Akoth ikalia. Ilikuwa Thuo, na sauti yake haikuwa na ngurumo tena. Alitaka maelezo ya maandishi ofisini kwake haraka, kwa nini asichukuliwe hatua kwa kuiaibisha idara. Kisha, akishusha sauti, akauliza kama huko kumetulia, kwa maana wafadhili wamependa ile habari ya ng'ombe kuliko ya moto, na kama Akoth angeweza kupanda na wapiga picha mara moja tu.

"Panda mwenyewe, Bwana Thuo," Akoth alimwambia. "Barabara iko wazi. Ukifika, waambie wewe ni nani."

Akakata simu. Alikuwa amejaa hasira, lakini si kwa wale wazee.

"Madam, siwezi," Kibii alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Wamenisifu mimi! Wacha nirudi niwaambie ni mimi nilitoa majina. Afadhali wajue."

"Afadhali kwa nani? Wakikufukuza na wewe, nani atakayemsimamia Kiptanui? Thuo? Ukiwaambia leo, utakuwa umejipunguzia wewe mzigo, ukawaongezea wao. Utanyamaza. Hiyo ndiyo adhabu yako, na ni mimi nimekupa."

Kibii alijifuta uso kwa mkono wa koti.

"Sasa nifanye nini?"

"Rudi juu. Yule mtamba alilala nje usiku kucha amefungwa, na wote walikuwa wanabishana ni wa nani. Sijamwona mtu akimpa maji. Nenda uulize."

Kibii alisita, kisha akageuka akaanza kupanda, kwanza polepole, halafu kwa haraka. Akoth alisimama kando ya barabara, upande wa chini, akamtazama akipita lango la Njuguna na kupinda kuelekea jikoni kwa Chepkurui. Yeye hakuvuka barabara.